Rangi ya Kipande cha Saba

Jumba la Kumbukumbu la Kikosi
Winterbourne Harcombe, Dorset
3 Julai 1978

Bwana Sugden mheshimiwa,

Hunijui, na naomba radhi kukuandikia bila mtu wa kutujulisha. Jina lako nimelikuta nyuma ya jarida la chama cha wenye magari ya zamani ya jeshi, mahali palipoandikwa: "Viweko vya silaha: muulize Sajini E. Sugden, Todmorden. Hajawahi kukosea." Nimelisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Nimemaliza shule mwezi uliopita na nimeanza kazi hapa kwa majaribio ya miezi mitatu. Jumba letu ni dogo: chumba cha sare, chumba cha medali, na banda lenye magari mawili. Nyuma ya banda kuna kreti. Ndani yake mna vipande kumi na kimoja vya chuma ambavyo zamani vilishikilia bunduki za rashasha juu ya magari ya jeshi, ila hakuna anayejua kipi kilitoka gari gani. Mkuu wetu, Meja Pitfield, aliniambia hivi: "Cobb, una mpaka mwisho wa Septemba. Kila kipande kipate jina. Kisicho na jina ni chuma chakavu, na mtu asiyeweza kukipa jina simhitaji." Nadhani nusu alikuwa anatania. Sijui ni nusu ipi.

Nikishindwa, Mama ameshaniwekea nafasi katika kiwanda cha glavu anakofanya kazi yeye. Glavu si kazi mbaya. Ila hapa ni mahali pa kwanza ambapo watu hawaniulizi kwa nini niko kimya.

Kipande cha kwanza kina mpini wa mkono, na kwenye mpini kuna kishikio chenye waya, sawasawa na breki ya baiskeli. Mlinzi wetu, Bwana Dibben, anasema ni ya baiskeli kweli na kwamba nimepewa takataka nizilee. Nimeambatanisha picha mbili.

Nakushukuru kwa kusoma hadi hapa. Nakushukuru ukijibu, na hata kama huna nafasi ya kujibu, nakushukuru.

T. Cobb

*

Todmorden, Yorkshire
9 Julai 1978

Bwana Cobb,

Picha zako nakurudishia. Usitume nyingine. Hazinisaidii.

Si ya baiskeli. Mwambie Bwana Dibben aifunge kwenye baiskeli yake, ateremke nayo mlima wowote wa kwenu, kisha aniandikie kutoka hospitali. Huo ni mpini wa kufyatulia, wa kiweko cha springi kilichokuwa juu ya magari madogo ya deraya ya upelelezi wakati wa vita. Askari alikaa chini ndani ya gari, kichwa chake salama, akashika mpini. Waya ulipanda hadi kwenye bunduki ya Bren iliyokuwa juu ya paa, na springi zikaubeba uzito wake. Kipande cha kwanza kimepata jina.

Kwa vilivyobaki fuata utaratibu huu, na usiruke hatua. Pima uzito kwa mizani ya jikoni. Laza kipande juu ya kadibodi, kizungushie penseli, kata kwa mkasi, na kila tundu ulitoboe kwa ukubwa wake halisi. Hiyo kadibodi ndiyo unitumie. Kisha kining'inize kwa kamba, kigonge kwa kijiko, uniambie kama kinalia au kinakohoa. Chuma cha kusubu, kilichomiminwa kikiwa uji, hukohoa. Tafuta kwa kidole alama ya mshale wa serikali na namba zozote zilizogongwa.

Mwisho, rangi. Mahali pasipoonekana, chukua wembe ukwangue duara la ukubwa wa sarafu ya peni sita. Polepole, tabaka moja moja, ukiandika kila rangi unayokutana nayo mpaka chuma chenyewe. Jeshi hupaka rangi juu ya rangi, halibandui. Kwa hiyo rangi ndiyo kitabu cha utumishi cha chuma: kilikokwenda, na lini. Anayeiondoa anachoma kitabu.

Mke wangu anasema nikwambie mwandiko wako unasomeka vizuri kwa kijana wa siku hizi.

E. Sugden
Sajini mstaafu, fundi silaha

*

Winterbourne Harcombe
20 Julai 1978

Bwana Sugden mheshimiwa,

Kwenye bahasha kubwa mna kadibodi tano, za vipande vya pili hadi cha sita. Nimeziandika namba mgongoni. Uzito, sauti na rangi viko kwenye karatasi ya pembeni. Kipande cha tano hakilii wala hakikohoi, kinafanya kama mtu aliyekanyagwa mguu. Samahani, sikupata neno jingine.

Mama amenigombeza kwa ajili ya mizani. Alisema, "Thelathini na moja ya Julai ni siku yangu ya kuzaliwa, na keki yangu itanuka grisi ya vita." Baadaye nilimkuta akigonga kipande cha nne kwa kijiko akiwa peke yake. Akasema, "Kinakohoa hiki." Kweli kilikuwa kinakohoa.

Kazi ya wembe naipenda kuliko zote. Kwenye kipande cha sita nilikuta kijani, chini yake rangi ya mchanga, chini yake tena kijani kingine kilichoiva zaidi. Nilikaa nacho dakika arobaini. Bwana Dibben akaniuliza, "Cobb, unamnyoa nani?"

Anatutania pia kuhusu barua. Anasema mke wake alimwandikia mara mbili tu wakaoana, na sisi tukiendelea hivi tutakuwa na wajukuu kabla ya Krismasi.

Tarehe mosi Agosti wanakuja wakubwa wa jimbo kukagua jumba. Meja anataka kila kitu king'ae. Anatembea na leso nyeupe, anapitisha juu ya vitu, kisha anaiangalia leso na kumwangalia mtu.

T. Cobb

*

Todmorden
27 Julai 1978

Bwana Cobb,

Cha pili: kifungio cha mtutu gari linapokuwa safarini, ili bunduki isicheze. Gari la minyororo.

Cha tatu: mguu wa kiweko cha miguu mitatu. Si cha gari, lakini kilibebwa na gari, kwa hiyo kiache.

Cha nne: nusu ya kibano cha Bren mbili za kupigia ndege, juu ya lori. Nusu ya pili iko Uingereza mahali fulani ikizuia mlango usifungwe na upepo.

Cha tano si kiweko cha silaha hata kidogo. Ni kishikizo cha sepetu. Ndiyo maana kilinung'unika.

Cha sita: kiweko cha paa la gari dogo la deraya. Kijani, mchanga, kijani: kilitoka nyumbani, kikaenda jangwani Afrika Kaskazini, kikarudi. Hayo si mimi niliyeyajua. Ni wewe uliyeyasoma, mimi nimeyatamka tu. Kazi yako ni safi. Mistari yako ya mkasi haitetemeki.

Nilikuwa na vijana wengi chini yangu karakanani. Wawili walinifaa. Wengine niliwaambia "andika unachokiona", wakaandika walichodhani nataka kusikia.

Nasubiri cha saba.

E. Sugden

*

(Barua hii haikutumwa.)

3 Agosti 1978

Bwana Sugden mheshimiwa,

Nimefanya kosa. Juzi, kabla ya ukaguzi, Meja alipita bandani na leso yake akaona kipande cha saba juu ya meza. Akasema, "Cobb, hiki kimetoka shimo la choo? Nataka nijione uso." Nilitaka kumwambia habari za rangi. Nikasema, "Ndiyo, Meja." Bwana Dibben alikuwa na mkebe wa dawa ya kubandua rangi na brashi ya waya. Ndani ya nusu saa kipande kilikuwa kinang'aa kama kijiko kipya. Mimi ndiye niliyesugua, kwa mikono yangu. Nilikuwa nalia lakini niliendelea kusugua.

Sikutazama rangi zikitoka. Zote zilikuwa uji mmoja mweusi kwenye gazeti.

Tena mimi si bwana. Ulipoandika "Bwana Cobb" niliona haya kukusahihisha, na sasa

*

Winterbourne Harcombe
4 Agosti 1978

Bwana Sugden mheshimiwa,

Hii hapa kadibodi ya kipande cha saba. Uzito ni ratili sita na robo. Kinalia. Hakina mshale wala namba. Rangi: kijani juu, mchanga chini, kisha chuma.

Ukaguzi ulipita salama.

T. Cobb

*

Todmorden
12 Agosti 1978

Kijana wangu Cobb,

Kadibodi yako ilifika Jumatatu na sikuitoa mkononi siku mbili. Mke wangu alinitishia kuwa nikienda nayo tena mezani atanipakulia chakula juu yake.

Nisikilize vizuri. Umbo hilo, lenye pete iliyokatwa upande na pini nene chini, lilichorwa na afisa mmoja mwaka 1941. Lilitengenezwa mahali pawili tu. Pa kwanza ni hapa nyumbani, kwa mamia, kwa ajili ya kufundishia makuruta. Hivyo havikuvuka bahari, na vilipakwa rangi moja tu, kahawia. Pa pili ni karakana yetu jangwani. Tulitengeneza viweko ishirini na vinne kwa vyuma tulivyookota kwenye magari yaliyoungua, tukavipaka rangi ya mchanga kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo. Mimi nilichomelea kumi na kimoja. Rafiki yangu Arkwright alichomelea vilivyobaki, na Arkwright hakurudi. Kwa kushika tu, cha nyumbani na cha kwetu havitofautiani. Rangi peke yake ndiyo inayovitenga.

Miaka thelathini na sita nimeuliza kila mtu. Hakuna kilichowahi kuonekana. Na sasa unaniambia mchanga hadi chuma.

Sina desturi ya kuomba, lakini naomba kibao chake kiandikwe jina la Arkwright pamoja na langu. Mwambie Meja wako kuwa tarehe 16 Septemba, siku mtakapofungua milango kwa watu, mimi na mke wangu tutashuka kwa treni.

E. Sugden

*

Winterbourne Harcombe
17 Agosti 1978

Mheshimiwa Sajini Sugden,

Cobb amenionyesha barua yako. Nimeagiza kisanduku cha kioo. Kipande kitakaa katikati ya banda, mbele ya magari yote mawili, na gazeti la mkoa limeahidi kumleta mpiga picha. Kwa bahati njema kimesafishwa, kinapendeza mno. Utakuwa mgeni wetu wa heshima.

A. Pitfield, Meja (mstaafu)

*

Winterbourne Harcombe
25 Agosti 1978

Bwana Sugden mheshimiwa,

Tafadhali soma barua hii ukiwa umekaa.

Rangi za kipande cha saba nilizitunga. Nilikisugua kwa dawa na brashi kabla sijakwangua duara la wembe, kwa sababu Meja alitaka king'ae na mimi sikuweza kusema hapana. Niliogopa ungeona sifai. Nikachukua rangi mbili za kipande cha sita nikazihamishia cha saba. Sikujua habari za karakana yenu wala za Bwana Arkwright. Ningejua, sisemi nisingedanganya, kwa sababu sijui. Nasema tu sikujua.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Meja nikamwambia yote. Aliinuka akafunga mlango. Kisha:

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, Meja. Na Bwana Dibben anajua nilisugua."

"Dibben hajui hata leo ni siku gani. Basi na liishie hapa. Kioo kimeshalipiwa, gazeti linakuja. Huenda kweli kilikuwa na mchanga. Unaweza kuapa kuwa hakikuwa nao?"

"Siwezi."

"Umeona? Nenda kafute vumbi."

Nilikwenda kufuta vumbi. Nilifuta siku tatu. Naandika barua hii bila ruhusa yake, na akijua, Septemba haitafika mwisho kwangu. Mama naye nimemwambia. Alisema, "Glavu hazina rangi ya chini, mwanangu, utapumzika." Kisha akaniletea stempu.

Kosa jingine: mimi si bwana. Naitwa Thirza Cobb, nina miaka kumi na sita. Hilo nalo nililiacha lipite kwa sababu ya haya.

Sitegemei jibu. Naomba tu usije ukasimama mbele ya kile kioo ukaamini.

Thirza Cobb

*

Todmorden
3 Septemba 1978

Binti Thirza,

Mwandiko unaoujua ni huu huu, lakini leo maneno ni yangu. Mimi ni Hilda, mke wa Ewart. Barua zake zote nimeziandika mimi, naye akisema, na zako zote nimemsomea mimi.

Mume wangu haoni. Sukari ilimla macho, la kushoto mwaka 1969, la kulia 1971. Ndiyo maana hakutaka picha. Alikuwa anapapasa kadibodi zako kwa vidole, usiku na mchana kwake ni sawa. Watu wa jarida hawajui, na yeye hataki wajue, maana anaamini wataacha kumwandikia. Wameacha hata hivyo. Barua yako ya Julai ilikuwa ya kwanza baada ya mwaka na nusu.

Nakwambia haya ili ujue ulichokifanya, si ili ulie. Rangi ndicho kitu pekee ambacho vidole vyake haviwezi kukisoma. Kwa rangi alikuwa na macho yako tu.

Nilimsomea barua yako mpaka mwisho. Aliichukua ile kadibodi akaiweka juu ya kabati la jiko, mahali asipofika bila kiti. Chakula anakula. Usiku amelala. Siku ya nne akaniuliza, "Hilda, huyo mtoto alilazimishwa kuandika hii ya pili?" Nikamwambia hapana, alikatazwa. Akasema, "Hm." Nimeolewa naye miaka thelathini na moja, na hiyo "Hm" siijui.

Kuhusu ubwana, mimi nilijua tangu barua ya kwanza. Hakuna mwanamume anayeshukuru mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Sikumwambia kwa sababu alikuwa anafurahia kuwa na kijana wa kumfokea.

Tunakuja tarehe 16 kama alivyosema. Mwambie Meja asikifunge kile kisanduku.

Hilda Sugden

*

Winterbourne Harcombe
18 Septemba 1978

Bwana na Bi Sugden waheshimiwa,

Natumaini treni ilikuwa na kiti na kwamba goti la Bi Sugden limetulia. Fimbo ya Bwana mliisahau chumba cha sare, nimeifunga kwa gazeti na itafika kwa posta.

Bi Sugden ulitaka kujua yaliyotokea baada ya nyie kuondoka.

Mpiga picha alikuwa bado amesimama. Watu walikuwa wanazungumza jinsi Bwana Sugden alivyopokea vipande vya nane, tisa, kumi na kumi na moja kutoka kwenye kreti, akavipa majina kimoja baada ya kingine kwa vidole tu, kama mtu anayetambua watoto wake gizani. Halafu wakawa wanazungumza kwa sauti ya chini jinsi alivyokishika cha saba robo saa nzima na kusema, "Sijui." Kijana wa gazeti alimuuliza Meja, "Sasa nipige picha ya nini?" Meja akawa mwekundu mpaka shingoni. Akamwambia apige ya keki ya wageni.

Walipokwisha kutoka wote akaniita.

"Ulimwandikia."

"Ndiyo, Meja."

"Nilikukataza."

"Ndiyo, Meja."

Akazunguka kisanduku mara mbili. Nilidhani ananifukuza, nikawa nimeshavua aproni. Akasema, "Yule mzee alisafiri kwa saa saba kuja kusema hajui mbele ya watu. Mimi nisingeweza." Kisha akasema, "Andika kibao."

Niliandika hivi: *Kiweko cha bunduki ya Bren, mchoro wa 1941. Kilikotoka hakijulikani. Rangi yake iliondolewa hapa tarehe 1 Agosti 1978 na T. Cobb.*

Akakisoma. "Jina lako la nini hapo?"

"Kwa sababu ni mimi niliyesugua."

Akachukua kalamu, akaongeza chini: *kwa amri ya A. Pitfield.* Akakiweka ndani ya kioo mwenyewe. Hata hivyo alipofika mlangoni akageuka: "Haijulikani si jina, Cobb. Nilisema kila kipande. Una siku kumi na nne."

Bwana Sugden, uliniuliza pale kwenye ngazi kama ningejua huoni, ningedanganya. Sikukujibu kwa sababu watu walikuwa wanapita. Nimefikiri. Nadhani ningeogopa zaidi, na mtu anayeogopa zaidi sijui angefanya nini. Hilo ndilo jibu langu la kweli, si zuri.

Thirza Cobb

*

Todmorden
22 Septemba 1978

Binti Cobb,

Fimbo imefika. Hilda ndiye anayeandika, kama unavyojua sasa, na ameapa kutochomeka maneno yake.

Na mimi nina la kukiri. Fundi akisikia kitu alichokingoja miaka thelathini na sita, ndipo anatakiwa kupima mara ya pili. Sikupima. Uliniambia mchanga nami sikuuliza swali hata moja. Kuruta wangu angefanya hivyo ningemwogesha kwa mafuta machafu. Kosa ni lako, lakini nusu yake niliibeba mwenyewe hadi kwenye treni.

Nilipokishika nilitafuta weldi ya Arkwright. Alikuwa na tabia ya kumalizia kwa kuinua mkono haraka, inabaki chunusi ndogo. Brashi yako imepita hapo. Labda ilikuwepo, labda haikuwepo.

Jana nikiwa naoga nikakumbuka jambo. Pini ya chini imeganda ndani ya tundu lake, sivyo? Nilijaribu kuizungusha ikakataa. Basi dawa haikuingia. Pini ziliwekwa baada ya kupaka rangi, siku zote, kwetu na nyumbani. Mimina mafuta ya taa juu na chini, uache siku tatu, ongeza, uache tena. Usigonge kwa nyundo ya chuma, tumia ubao. Ikitoka, tazama ndani ya tundu kwa tochi, uniandikie unachokiona.

E. Sugden

(Sikuchomeka. Ila amekishusha kile kikadibodi kabatini. H.)

*

Winterbourne Harcombe
29 Septemba 1978

Bwana Sugden mheshimiwa,

Pini imetoka leo asubuhi, saa nne na dakika ishirini. Nilitumia ubao.

Ndani ya tundu, upande wa juu, kumebaki rangi kidogo, upana wa punje ya mtama. Niliitazama kwa tochi, kisha kwa kioo cha kukuzia cha Meja, kisha nikaitoa nje mchana nikaitazama tena. Nilikwangua nusu yake tu kwa ncha ya wembe na nusu nyingine nimeiacha, ili mtu mwingine aweze kuhakikisha.

Ni kahawia. Tabaka moja. Chini yake ni chuma.

Hakuna mchanga. Nilitafuta sana.

Nilimwomba Bwana Dibben atazame pia kabla sijamwambia nilichoona, ili macho yasiwe yangu peke yangu. Ameandika hapa chini kwa mkono wake.

*Nimeangalia tunduni. Kahawia, kama chai ya mke wangu. A. Dibben. (Ile nyingine bado nasema ni ya baiskeli.)*

Pole, Bwana Sugden.

Nimeandika kibao kipya: *Kiweko cha kufundishia makuruta, kilitengenezwa Uingereza.* Mstari wa jina langu na wa Meja tumeuacha palepale. Kisanduku cha kioo kimehamishiwa kwenye medali, na kipande cha saba kimerudi mezani pamoja na wenzake. Sasa vyote kumi na kimoja vina majina. Meja alivihesabu kwa fimbo yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akafika kwenye kishikizo cha sepetu akakohoa. Akasema, "Jumatatu, saa tatu kasoro robo. Usichelewe."

Mama amempa nafasi ya glavu binti wa jirani.

Thirza Cobb

*

Todmorden
4 Oktoba 1978

Binti Cobb,

Kahawia. Basi ni cha nyumbani, na vyetu ishirini na vinne bado viko kule kule. Ni afadhali kujua.

Hilda aliponisomea nilimwambia arudie ile sehemu ya punje ya mtama. Ungeweza kuandika mchanga. Hilda hayupo Dorset na mimi sina macho, na Dibben kwa chupa moja ya bia angeona mchanga. Nimelifikiria hilo tangu jana.

Bandani kwangu kuna makreti mawili. Nilikuwa naokota tangu nilipoacha jeshi, nikisema nitayashughulikia nikistaafu, na nilipostaafu macho yakawahi kuondoka. Kuna vipande themanini hivi. Umbo lake nalijua, uzito wake naujua. Rangi zake sijui hata moja.

Kreti la kwanza linakuja kwa treni Alhamisi ya wiki ijayo, litafika stesheni yenu saa nane mchana. Ni zito, mchukue Dibben. Anza na namba moja, sarafu ya peni sita, tabaka moja moja.

Brashi ya waya ifungie mahali, ufunguo mpe mama yako.

E. Sugden